Kuwekeza katika Nchi Iliyotoka Vitani: Mwongozo wa Kujikinga na Rushwa, Hatua kwa Hatua

Bunduki zikishanyamaza, wa kwanza kufika ni mashirika ya misaada, na nyuma yao huja wenye mitaji. Nchi inahitaji umeme, barabara, benki na ajira. Serikali inataka wananchi waone kwamba amani inalipa. Na mwekezaji anaona soko ambalo washindani wake bado wanaliogopa. Kila upande una haraka, na haraka hiyo ndiyo inayoifungulia rushwa mlango, kwa sababu wakati mikataba mikubwa inapotiwa saini, mahakama hazijapata majaji wa kutosha, masjala hazina kumbukumbu, wakaguzi wa hesabu hawajaajiriwa, na bunge, kama lipo, limejaa watu waliokuwa wakipigana mwaka uliopita.

Wengi wakisikia neno rushwa hufikiria bahasha inayopitishwa chini ya meza. Bahasha zipo, na nitazizungumzia. Lakini katika uchumi wa baada ya vita hatari iliyo kubwa zaidi imejificha kwenye karatasi halali kwa sura: leseni iliyotolewa na mtu asiye na uwezo wa kuitoa, ardhi iliyouzwa na asiye mwenyewe, hisa zilizoandikwa kwa jina la mpwa wa waziri. Kwa hiyo hatua zote zilizomo humu zinazunguka swali moja: je, mkataba huu utasimama siku utakaposomwa hadharani na serikali ambayo haikuusaini? Swali hilo linamhusu mwekezaji kutoka nje, na linawahusu pia mshirika wake wa ndani, mwanasheria wake, mhasibu wake, na ofisa wa serikali anayetaka mtaji uje na ubaki.

Hatua ya kwanza: fahamu vita viligharimiwa na nani

Kabla ya kufungua sheria ya uwekezaji, jifunze fedha za vita zilitoka wapi. Vita vya miaka mingi hujenga uchumi wake: magendo ya madini na mbao, vizuizi vya barabarani vinavyotoza kila gari, leseni zinazouzwa na makamanda, na wafanyabiashara wanaoleta silaha na mafuta kwa mkopo ili walipwe kwa rasilimali. Makubaliano ya amani hayavunji mtandao huo. Mara nyingi huupatia ofisi. Aliyekuwa akishika barabara kwa bunduki anateuliwa kusimamia uchukuzi, shemeji yake anafungua kampuni ya malori, na kugawana wizara baina ya pande zilizopigana kunageuka kuwa kugawana vyanzo vya mapato.

Mfano wa Bosnia na Herzegovina unaeleza jambo hili vizuri. Baada ya makubaliano ya Dayton ya mwaka 1995, yaliyomaliza vita huko, ofisi za malipo zilizorithiwa kutoka mfumo wa Yugoslavia ziliendelea kupitisha malipo ya kampuni kwa miaka kadhaa, zikiwa zimegawanyika kwa kufuata maeneo ya pande tatu zilizopigana na kuathiriwa na vyama vilivyotawala maeneo hayo, hadi zilipofungwa mwanzoni mwa 2001. Mfanyabiashara aliyedhani anatumia huduma ya kawaida ya kulipa na kulipwa alikuwa kwa kweli anawaonyesha wanasiasa mapato yake yote.

Vyanzo vya kuyajua haya viko wazi kuliko watu wanavyodhani. Pale ambapo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa limeweka vikwazo, huwa kuna jopo la wataalamu linaloandika ripoti zenye majina, njia za usafirishaji na akaunti. Jopo lililochunguza unyonyaji wa rasilimali za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo liliambatanisha kwenye ripoti yake ya Oktoba 2002 orodha ya kampuni 85 ambazo liliona zimekiuka miongozo ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri, kwa kampuni za kimataifa. Kesi nyingi katika hizo zilihesabiwa baadaye kuwa zimemalizwa baada ya mazungumzo, na kwa hiyo usiishie kwenye ripoti moja. Soma na iliyofuata. Kisha linganisha majina unayoyapata na orodha za vikwazo za Umoja wa Mataifa, Umoja wa Ulaya, Marekani na Uingereza, na orodha ya kampuni zilizofungiwa na Benki ya Dunia. Tangu 2010 benki kubwa za maendeleo, ikiwemo Benki ya Maendeleo ya Afrika, zina makubaliano ya kutambua ufungiaji wa kila mmoja, kwa hiyo mbia aliyefungiwa mahali pamoja anaweza kukukosesha mikopo mahali pengine pote.

Baada ya kusoma, chukua karatasi moja na uandike kila mahali ambapo biashara yako italazimika kupita: bandari, mpaka, forodha, njia ya umeme, benki, mahakama ya biashara, polisi wa wilaya. Mbele ya kila jina andika nani anapashika, nani alimteua, na ana kampuni gani au jamaa mwenye kampuni gani. Ukiona jina moja linajirudia mara tatu, hapo ndipo utakapoombwa.

Hatua ya pili: thibitisha kwamba anayesaini ana uwezo wa kusaini

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na ndiyo maana nitakaa kidogo.

Serikali ya mpito ina sifa mbili zinazogongana: ina mhuri wa nchi, lakini haijachaguliwa na mtu yeyote. Mawaziri wake wanajua siku yao ya kuondoka, na anayejua siku yake ya kuondoka ana sababu ya kuuza mapema. Nchini Liberia serikali ya mpito iliongoza kuanzia Oktoba 2003 hadi Januari 2006. Mara tu Ellen Johnson Sirleaf, rais aliyechaguliwa, alipoingia madarakani, amri yake ya kwanza ya kiutendaji, Februari 2006, ilifuta vibali vyote vya kuvuna misitu. Mapitio yaliyotangulia amri hiyo yalikuwa yamegundua kwamba maeneo yanayodaiwa na wenye vibali, yakijumlishwa pamoja, yalizidi zaidi ya mara mbili eneo lote la misitu ya nchi. Maana yake ni kwamba msitu mmoja uliuzwa kwa watu wawili au watatu, na kila mmoja wao alikuwa na karatasi yenye mhuri.

Mkataba mkubwa wa madini ya chuma uliosainiwa na serikali hiyo hiyo ya mpito mwezi Agosti 2005 nao ulifunguliwa upya baada ya uchaguzi na kurekebishwa mwishoni mwa 2006. Miongoni mwa yaliyorekebishwa ni umiliki wa reli na bandari ya Buchanan, ambao mkataba wa kwanza uliuweka mikononi mwa mwekezaji na wa pili ukaurudisha kwa serikali. Mwekezaji yule alibaki na kuendelea na kazi, jambo linaloonyesha kwamba kukubali mazungumzo mapema kuna faida kuliko kung'ang'ania sahihi ya watu walioondoka. Kongo nayo ilipitia njia hiyo: tume ya bunge la mpito iliyoongozwa na Christophe Lutundula ilichunguza mikataba iliyosainiwa wakati wa vita vya 1996 hadi 2003 na kupendekeza mingi ifutwe au ijadiliwe upya, na mwaka 2007 serikali ikaanzisha mapitio mengine ya mikataba ya madini.

Usidhani kwamba uchaguzi ukishafanyika hatari hii inakwisha. Liberia ilipofanya ukaguzi wa mikataba 68 ya rasilimali iliyotolewa kati ya 2009 na 2011, chini ya serikali iliyochaguliwa na iliyosifiwa sana ulimwenguni, ripoti ya mwaka 2013 ilionyesha kwamba sehemu kubwa kabisa ya mikataba hiyo haikufuata sheria za ununuzi na utoaji wa vibali. Mwaka mmoja kabla yake iligundulika kwamba aina ya kibali kilichokusudiwa kwa mwenye ardhi binafsi anayetaka kuvuna miti yake kilikuwa kimegeuzwa kichochoro cha kampuni kubwa kupata mamilioni ya hekta bila zabuni. Kibali kilikuwa halali kwa jina, lakini kilitumika kwa kazi isiyo yake.

Basi fanya uchunguzi kwa mpangilio huu. Anza na katiba na makubaliano ya amani, uone kama serikali iliyopo imekatazwa kutoa haki za muda mrefu au imewekewa kikomo cha miaka. Tafuta kama mkataba wa aina yako unahitaji kuidhinishwa na bunge na kuchapishwa kwenye gazeti la serikali. Kama unahitaji, kusainiwa na waziri peke yake hakutoshi hata kidogo. Omba kumbukumbu za zabuni, na ukiambiwa kwamba hapakuwa na zabuni kwa sababu ya dharura, omba barua inayotaja kifungu cha sheria kinachoruhusu hivyo, jina la aliyeidhinisha na tarehe. Pata maoni ya maandishi ya mwanasheria mkuu wa serikali. Mwisho, uliza kama mamlaka ya jimbo au mkoa ina sauti juu ya rasilimali hiyo, maana katika nchi zilizogawanyika kwa vita ni kawaida kwa mji mkuu kuuza kitu ambacho jimbo halikubali kwamba ni cha mji mkuu.

Ukiona ofisa anakasirishwa na maombi hayo, usilichukulie kama suala la heshima. Ofisa mwenye uwezo halali hufurahi kuonyesha chanzo chake.

Hatua ya tatu: ardhi

Mpango wa utawala wa kikomunisti wa Khmer Rouge wa kufuta umiliki binafsi nchini Kambodia, kati ya 1975 na 1979, uliteketeza pia kumbukumbu za ardhi, na nchini Timor-Leste kumbukumbu nyingi ziliharibiwa katika ghasia za 1999. Katika hali kama hizo kiwanja kimoja kinaweza kuwa na mwenye hati ya enzi ya zamani, mwenye hati iliyotolewa na watawala waliofuata, familia inayodai kwa haki ya ukoo, na mkimbizi wa ndani aliyejenga hapo wakati wa vita. Yeyote kati yao anaweza kukuuzia, na msajili aliyelipwa vizuri anaweza kumpa hati mpya kabisa. Kambodia ilitoa maeneo makubwa ya mashamba kwa wawekezaji, migogoro na wakazi ikaongezeka, na Mei 2012 serikali ikasimamisha utoaji wa maeneo mapya.

Usinunue ardhi kwa kusoma hati peke yake. Nenda eneo lenyewe, ukiwa na mtu asiyeletwa na muuzaji, uulize wanaolima jirani nani alilima hapo kabla ya vita na yuko wapi sasa. Chapisha tangazo la kusudio la kununua, lenye ramani, katika lugha inayosomwa na wanaoishi hapo na wale waliokimbilia nje, na uwape muda wa kutosha kuleta pingamizi. Pale inapowezekana panga badala ya kununua, na weka sehemu ya malipo kwenye akaunti inayoshikiliwa na mtu wa tatu mpaka muda wa pingamizi uishe.

Hatua ya nne: mjue mshirika wako, na umjue anayesimama nyuma yake

Sheria za nchi nyingi zinamtaka mgeni awe na mbia mzawa, na nia yake ni njema: faida ibaki nchini na ujuzi uhamie kwa wananchi. Lakini sharti hilo hilo ni njia rahisi ya kumpa mkubwa hisa bila jina lake kuonekana. Dai kujua mmiliki manufaa, yaani mtu halisi wa damu na nyama ambaye mwishowe ndiye anayefaidi hisa au anayeamua. Omba kitambulisho, historia ya ajira, chanzo cha mtaji anaochangia, na tamko lililosainiwa kwamba hakuna mwenye wadhifa wa umma wala jamaa yake wa karibu anayefaidika kwa mgongo wa mwingine. Mbia asiyeleta fedha, mashine, ardhi, ujuzi wala soko, bali analeta "uhusiano" tu, ameshakueleza unalipia nini.

Madalali na washauri wanahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hongo kubwa hupitia kwao. Chukua ankara moja uitazame kwa karibu. Ina nembo ya kampuni ya ushauri iliyosajiliwa miezi minne kabla ya zabuni. Maelezo ya huduma ni mstari mmoja: "Ushauri wa kimkakati, awamu ya pili." Hazikuandikwa siku za kazi, hakutajwa mtaalamu yeyote, hakuna ripoti iliyoambatanishwa. Kiasi kinachodaiwa ni asilimia kamili ya thamani ya mkataba. Akaunti ya kupokelea iko katika nchi ya tatu, ambako kampuni hiyo haina ofisi na mradi hauna shughuli. Na tarehe yake ni siku tatu baada ya wizara kutangaza mshindi. Kila mstari wa karatasi hiyo, ukiuchukua peke yake, unaweza kupata maelezo. Ukiisoma yote pamoja, mhasibu anayeilipa hawezi kusema baadaye kwamba hakujua.

Kuna kesi inayofundisha hapa, ingawa haikutoka katika nchi ya baada ya vita. Mwaka 2013 jopo la usuluhishi chini ya kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya uwekezaji, ICSID, lilikataa kusikiliza madai ya kampuni ya Metal-Tech dhidi ya Uzbekistan. Kampuni ilikuwa imewalipa washauri takriban dola milioni 4 na ikashindwa kuonyesha kazi ya maana waliyoifanya kwa fedha hizo. Jopo likaona uwekezaji umefungamana na rushwa, na kwa hiyo mkataba wa kimataifa wa kulinda wawekezaji haukuulinda.

Hatua ya tano: kumbuka kwamba sheria za kwenu zinakufuata

Marekani ina sheria ya kukataza kuhonga maofisa wa nchi za nje tangu 1977. Nchi za OECD zilitia saini mkataba wao mwaka 1997, Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa ulianza kutumika Desemba 2005, na sheria ya Uingereza ya mwaka 2010 ilikwenda mbali zaidi kwa kuifanya kampuni iwajibike kwa kushindwa kuzuia hongo iliyotolewa na mtu anayeifanyia kazi, isipokuwa ikithibitisha kwamba ilikuwa na taratibu za kutosha za kuzuia. Mwezi Februari 2025 Rais wa Marekani aliagiza utekelezaji wa sheria ya nchi yake usitishwe kwa muda, na miongozo mipya ikatolewa Juni. Wapo walioona kwamba mlango umefunguliwa. Sioni hivyo: sheria yenyewe haikufutwa, na mradi wa uwekezaji huishi zaidi ya awamu yoyote ya uongozi.

Hatua ya sita: malipo madogo

Sasa tufike kwenye bahasha. Kontena lako limefika bandarini. Nyaraka zimekamilika, lakini ofisa anasema mfumo haufanyi kazi, kesho anasema msaini yuko safarini, keshokutwa wakala wako wa forodha anakuita pembeni na kukuambia kwamba watu wanasubiri chai. Gharama ya kuhifadhi kontena inapanda kila siku, na hesabu ya haraka inaonyesha kwamba hiyo chai ni ndogo kuliko gharama ya siku moja.

Hesabu hiyo inakosea, kwa kuwa inahesabu kontena moja. Ukishalipa umejiandikisha kama mlipaji, na kontena la pili halitapita bila kiwango kilekile au zaidi. Sheria ya Marekani inavumilia baadhi ya malipo ya kuharakisha huduma ya kawaida. Ya Uingereza haivumilii hata moja, na kwa kawaida sheria ya nchi mwenyeji nayo inayakataza. Kinachosaidia hasa ni maandalizi. Weka kwenye ratiba ya mradi wiki za ziada kwa kila hatua ya forodha, ili mtu wako asiwe na kiwewe cha muda. Pata mapema orodha rasmi ya ada zote, iliyogongwa mhuri, na mtumishi wako aitembeze mfukoni. Kila anayeomba malipo aombwe stakabadhi ya serikali, kwa upole na kila mara, kwa maneno yaleyale: "Mkurugenzi wangu hanirudishii fedha bila stakabadhi." Mkataba wa wakala wa forodha uandikwe kwamba hatalipwa gharama isiyo na stakabadhi, kwa sababu wakala ndiye anayelipa bila kukwambia na kukuandikia "gharama nyinginezo". Na wawekezaji wa eneo moja wakubaliane kukataa pamoja; mmoja akikataa peke yake anaonekana mkaidi, wakikataa kumi ofisa anatafuta njia ya kufanya kazi yake.

Pale ambapo mtu mwenye silaha anadai fedha na uhai wa mfanyakazi uko hatarini, mfanyakazi alipe. Mwambie hivyo mapema, kwa maandishi, ili asife kwa kuogopa kufukuzwa kazi. Kisha tukio liripotiwe siku hiyohiyo na liandikwe kwenye vitabu kama lilivyo, bila kulibadilisha jina.

Hatua ya saba: fuata njia ya fedha

Fedha za serikali zilipwe kwenye akaunti ya hazina, kwa benki, kwa jina la serikali. Usilipe kodi wala mrabaha kwenye akaunti ya wizara moja moja, ya "mfuko maalumu" au ya kamati ya maandalizi, hata barua ya kukuelekeza hivyo iwe na mhuri. Baada ya vita fedha taslimu huzunguka kwa wingi na kumbukumbu huwa chache. Nchini Irak, mkaguzi maalumu wa Marekani aliripoti mwaka 2005 kwamba dola bilioni 8.8 zilizopitishwa kwa wizara za Irak chini ya utawala wa muda ulioongozwa na Marekani hazikuwa na udhibiti wa kutosha kuhakikisha zimetumika ipasavyo. Liberia ilijaribu dawa kali: kwa mpango wa GEMAP, uliosainiwa Septemba 2005, wataalamu kutoka nje walipewa uwezo wa kusaini pamoja na wakuu wa taasisi nyeti kama benki kuu na bandari. Wapo walioona ni kudhalilisha uhuru wa nchi, na hoja yao ina uzito. Hata hivyo, mwekezaji anayekuta utaratibu wa saini mbili aushukuru, kwa kuwa ni vigumu zaidi kuombwa rushwa na watu wawili wasioaminiana.

Chunguza pia benki unayowekea fedha. Benki ya Kabul ilikuwa kubwa kuliko benki zote binafsi za Afghanistan na mishahara ya watumishi wa umma, wakiwemo askari, ilipitia kwake. Mwaka 2010 ilibainika kwamba karibu dola bilioni 1 ilikuwa imekopeshwa kwa ulaghai kwa kikundi kidogo cha wenye hisa na watu wenye ukaribu na wakubwa. Jengo zuri na wateja wa serikali havikuwa dhamana ya chochote. Uliza nani wenye hisa, wamekopeshwa kiasi gani na benki yao wenyewe, na nani anakagua hesabu.

Kuna njia mbili za fedha ambazo wakaguzi huzisahau. Ya kwanza ni ulinzi: malipo kwa askari wanaosindikiza misafara au kulinda mgodi hutolewa kwa kamanda mkononi. Yafanywe kwa mkataba na wizara, yawe vifaa, mafuta au chakula pale inapowezekana, na yaandikwe. Ya pili ni mfuko wa maendeleo ya jamii. Zahanati na shule ni haki ya wanaoishi karibu na mradi, lakini mfuko unaosimamiwa na mbunge peke yake, au wakfu unaoongozwa na mke wa gavana, ni bahasha iliyovaa nguo nzuri. Jenga zahanati yenyewe kwa mkandarasi uliyempata kwa zabuni, na bandika gharama zake ukutani ambapo kila mwanakijiji atazisoma.

Hatua ya nane: andika mkataba unaoweza kuchapishwa

Dai mkataba uchapishwe. Mwekezaji mwingi huogopa, akidhani siri inamlinda. Katika nchi iliyotoka vitani siri inamlinda aliyepokea, na wewe inakuacha bila shahidi. Nchi zilizo katika mpango wa uwazi wa sekta ya uziduaji, EITI, zinatakiwa kuchapisha mikataba ya mafuta, gesi na madini iliyosainiwa au kurekebishwa kuanzia Januari 1, 2021, na kufichua wamiliki manufaa tangu 2020. Hata kama nchi haimo, au sekta yako ni ya saruji au simu, weka kifungu kinachoruhusu kila upande kuchapisha. Misamaha ya kodi itajwe kwa kifungu cha sheria na iwe na mwisho. Msamaha mkubwa usio na maelezo ndiyo karatasi ya kwanza ambayo serikali mpya huitafuta. Weka pia vipindi vya mapitio, tuseme kila baada ya miaka mitano, ili mabadiliko yaje kwa njia mliyokubaliana.

Wala usijifariji kwamba usuluhishi wa kimataifa utakuokoa. Kampuni ya World Duty Free iliishitaki Kenya mbele ya ICSID kuhusu mkataba wa mwaka 1989 wa maduka ya viwanja vya ndege vya Nairobi na Mombasa. Mwekezaji mwenyewe alieleza kwamba alitoa dola milioni 2 kwa Rais Daniel arap Moi, na kwamba sehemu yake ilikuwa taslimu ndani ya mkoba alioingia nao kwenye makazi ya Rais. Alipotoka na mkoba huo alikuta fedha zimetolewa na mahindi mabichi yamewekwa badala yake. Oktoba 2006 jopo liliamua kwamba mkataba uliopatikana kwa hongo hauwezi kudaiwa, na madai yakaanguka. Jopo lilisikitika kwamba aliyepokea hakuwa ameshitakiwa. Hiyo ndiyo hali halisi ya mlipaji: mpokeaji anaweza kubaki salama, na mlipaji akapoteza fedha za hongo pamoja na mradi. Kifungu cha 34 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa nacho kinazipa nchi nafasi ya kuizingatia rushwa kama sababu ya kufuta mkataba au kuondoa kibali.

Hatua ya tisa: ukishaombwa, au ikigundulika kwamba mtu wako ameshatoa

Ukiombwa, usijibu ndiyo wala usigombane. Sema kwamba huna uwezo wa kuidhinisha na kwamba ombi liandikwe. Ombi la halali litaandikwa. Ukitoka hapo andika siku, saa, mahali, waliokuwepo na maneno yaliyotumika, kabla kumbukumbu haijachakaa. Mpelekee mwanasheria wako, kisha bodi. Kama ofisi ya kupambana na rushwa ya nchi mwenyeji inaaminika, ripoti hapo. Kama inaongozwa na watu walewale, tumia ubalozi wako au benki ya maendeleo inayokukopesha, ambayo ina kitengo cha uchunguzi na mara nyingi ina nguvu ya kuzungumza na wizara ya fedha kuliko wewe.

Ukigundua kwamba meneja wako alikwishalipa, simamisha malipo mengine yote ya mpokeaji huyo na ya dalali aliyepitisha, hifadhi barua pepe, ujumbe wa simu na leja kabla mtu hajazigusa, na umpe mwanasheria wa nje, asiye rafiki wa meneja, kazi ya kuchunguza. Kujiripoti kwa mamlaka za nchi ya kampuni mama kunapunguza adhabu katika mifumo mingi, lakini kunapoteza thamani kila wiki inayopita, na kunapoteza thamani yote siku habari inapotokea gazetini kwanza. Nakala ya pili ya jalada zima, kuanzia ile karatasi ya kwanza yenye majina ya wanaoshika bandari na barabara hadi stakabadhi ya mwisho ya forodha, ihifadhiwe nje ya nchi, kwa sababu vita vikirudi, au serikali ikibadilika usiku mmoja, ofisi ya mradi huwa miongoni mwa majengo ya kwanza kuvunjwa.